Ding Darling: Mchora Katuni Aliyewatetea Ndege wa Porini



Kila tunapokutana, jarida letu hutoa nafasi kwa mmoja wetu aeleze maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, ili vijana wapate la kujifunza. Wenzangu waliotangulia wameandika juu ya viongozi wa nchi, wanasayansi na wapigania uhuru. Safari hii zamu imeniangukia mimi, nami nimemchagua mchora katuni. Najua wako watakaocheka. Wa darasa langu watacheka zaidi, maana wanakumbuka yaliyonipata nilipokuwa kidato cha tatu, mwaka 1981.

Kwa wale ambao hawakuwapo, nilimchora mmoja wa walimu wetu kwa sura ya kiboko aliyesimama mtoni, miwani puani na chaki mkononi. Nilichora nyuma ya karatasi ya mtihani, kwa kuwa mwaka ule karatasi zilikuwa adimu kama sukari. Picha ilizunguka mabweni yote kabla ya kumfikia mwenyewe. Basi nilichora kiboko, nikalipwa viboko: sita, mbele ya gwaride la asubuhi, kisha nikarudishwa nyumbani wiki mbili. Niliporudi palikuwa na adhabu nyingine tena, nayo nitaieleza mwisho.

Wakati huo tulikuwa na mwalimu wa baiolojia wa kujitolea kutoka Marekani. Yeye hakunikaripia wala hakunipongeza. Alifungua kitabu chake akatoa stempu moja aliyokuwa akiitumia kuweka alama ya ukurasa. Nilikuwa mkusanyaji wa stempu kama wengi wetu siku zile, nikaitamani mara moja. Ilikuwa na picha ya bata na bei ya dola 7 na nusu, na mtu alikuwa ameandika sahihi yake kwa wino juu ya picha. Nikashangaa ni barua gani hiyo ya kulipiwa dola 7 na nusu. Mwalimu akanieleza kwamba stempu ile haipeleki barua. Kila mwindaji wa bata kule kwao hununua moja kwa mwaka, huitia sahihi na kuichukua pamoja na leseni yake, na fedha hizo hununua mabwawa ya ndege. Akaongeza kwamba mtu aliyechora stempu ya kwanza ya namna hiyo aliwahi kufukuzwa chuoni kwa kuwachora walimu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila nilichokipata juu ya mtu huyo. Haya ndiyo niliyoyapata.

Utoto na masomo

Jina lake ni Jay Norwood Darling. Alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1876 katika kijiji cha Norwood, jimbo la Michigan, Marekani. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, na kama ilivyo kwa watoto wa wachungaji, alihamahama na wazazi wake kila baba alipopewa usharika mpya. Mwaka 1886 familia ilifika Sioux City katika jimbo la Iowa, mji ulio kando ya mto Missouri. Ng'ambo ya mto zilianza mbuga za nyasi zisizo na mwisho, zenye mabwawa madogo madogo yaliyojaa ndege. Huko kijana Jay alichunga ng'ombe, akavua samaki na kuwinda bata. Natilia mkazo jambo hili: hakuwapenda ndege kwa kuwasoma vitabuni tu. Alikuwa mwindaji, na mwindaji alibaki.

Wakati wa likizo alikuwa akienda kufanya kazi katika shamba la mjomba wake huko Michigan, shamba lenye malisho mazuri, miti na mto wenye samaki. Miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima, alirudi pale kwa ajili ya mazishi ya mjomba huyo. Alikuta udongo umechoka, miti imekwisha na mto umekuwa kijito cha matope. Mwenyewe alisema baadaye kwamba siku ile ndiyo aliyotambua kwa mara ya kwanza kwamba nchi inaweza kuliwa ikaisha, kama vile mtu anavyokula akiba yake.

Mwaka 1894 aliingia chuo cha Yankton, Dakota Kusini. Hakukaa sana. Alichukua farasi na gari la mkuu wa chuo bila ruhusa akaenda kutembea, na safari hiyo ikamaliza masomo yake mahali hapo. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha Beloit, jimbo la Wisconsin, akinuia kuwa daktari. Hapo akawa msimamizi wa picha katika kitabu cha mwaka cha wanafunzi, na hapo ndipo alipowachora waheshimiwa walimu wake kama wasichana wa kucheza dansi jukwaani, wamevaa visketi vifupi. Ili asijulikane upesi, alifupisha jina la Darling, akaondoa herufi za katikati, ikabaki Ding. Hila hiyo haikumsaidia, akasimamishwa mwaka mzima. Lakini jina la Ding lilimganda hata kaburini. Alirudi, akamaliza masomo yake mwaka 1900.

Wadogo zangu, sisemi mkawachore walimu wenu. Nasema tu kwamba mtu asihesabiwe kuwa amepotea kwa sababu ya kosa la kidato cha tatu.

Kazi ya gazeti

Udaktari ulihitaji fedha, naye hakuwa nazo. Akaajiriwa kuwa mwandishi wa habari katika gazeti la Sioux City. Siku moja alitumwa kumpiga picha wakili mmoja mzee ambaye hakutaka kupigwa picha. Wakili akamkimbiza kwa fimbo. Darling akarudi mikono mitupu, lakini alikuwa na mchoro wa wakili huyo aliouchora hapo awali, akampa mhariri. Mhariri akaupenda, ukachapwa. Tangu hapo kalamu ya kuchorea ikaishinda ile ya kuandikia.

Mwaka 1906 alioa, na mwaka huohuo akahamia gazeti kubwa la Des Moines, mji mkuu wa Iowa. Miongoni mwa katuni zake za mwanzo pale ilikuwapo ya kuulaumu moshi wa makaa ya mawe uliokuwa ukiuchafua mji. Mwaka 1911 alikwenda New York kujaribu bahati yake, lakini mwaka 1913 akarudi Iowa. Aliona kwamba mtu akikaa katika mji mkubwa mno husahau jinsi watu wa kawaida wanavyofikiri. Baadaye gazeti moja la New York likamkubalia achore akiwa hukohuko Iowa na kuzisambaza katuni zake, zikawa zinachapwa katika magazeti zaidi ya 100 nchini Marekani. Alipata Tuzo ya Pulitzer, ambayo ndiyo heshima kubwa ya waandishi wa habari wa Marekani, mara mbili: mwaka 1924 kwa katuni ya kuwatia moyo vijana maskini wafanye bidii, na mwaka 1943 kwa katuni iliyoonyesha serikali imezama katika makaratasi.

Katuni yake iliyopendwa kuliko zote ilitoka Januari 1919, alipokufa Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani. Wazee wa pwani yetu walimjua mtu huyo, maana alishuka Mombasa mwaka 1909 na msafara mkubwa wa kuwinda. Darling alimchora kwa haraka, akiwa kivuli cha mpanda farasi anayekwenda zake milimani, akigeuka nyuma na kupunga kofia. Watu waliikata gazetini wakaibandika ukutani. Wadogo zangu, ikumbukeni picha hiyo, maana nitairudia.

Lakini pamoja na siasa na utani, kila mara alikuwa akirudia jambo moja. Alichora mito iliyobeba udongo wenye rutuba na kuupeleka baharini. Alichora mabwawa yaliyokauka na bata wasio na pa kutua. Alichora watu wanaokata mti wa mwisho huku wakihesabu fedha. Wasomaji walicheka, wakakubali kwa kichwa, wakafunua ukurasa wa pili. Mabwawa yaliendelea kukauka.

Hapa napenda nieleze kidogo ili anayesoma aelewe. Bata wa Amerika ya Kaskazini ni wasafiri. Wakati wa joto huzaa katika mabwawa madogo ya mbuga za kaskazini mwa Marekani na Kanada. Baridi ikikaribia huruka maelfu ya kilomita kwenda kusini, na njiani huhitaji mahali pa kupumzika na kula. Wakulima walikuwa wamechimba mifereji na kuyakausha mabwawa hayo ili walime ngano na mahindi. Kisha katika miaka ya 1930 ukaja ukame mkali uliogeuza mashamba kuwa vumbi. Mabwawa machache yaliyosalia yakakauka, na bata wakapungua kwa kiasi cha kutisha. Sheria zilizokuwapo zilimzuia mwindaji asiue kupita kiasi, lakini ndege asiye na pa kuzalia hasaidiwi na sheria ya bunduki peke yake.

Darling alianza kuona kwamba picha peke yake haitoshi. Mwaka 1932 alisaidia kuanzisha katika chuo cha kilimo cha Iowa, huko Ames, mpango wa kuwafundisha vijana utaalamu wa wanyama wa porini, akatoa na fedha zake mwenyewe. Mpango huo uliigwa baadaye na vyuo vingine nchini humo.

Aitwa Washington

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nimchague mtu huyu.

Darling alikuwa mfuasi wa chama cha Republican na rafiki wa Rais Herbert Hoover. Uchaguzi wa 1932 ulimwangusha Hoover, ukamwingiza Franklin Roosevelt wa chama cha Democratic. Darling hakuzipenda siasa za Rais mpya, naye alimdhihaki bila huruma gazetini. Hata hivyo, Januari 1934 Rais alimteua katika kamati ya watu watatu ya kutafuta njia ya kuwaokoa wanyama na ndege wa porini. Wenzake walikuwa Thomas Beck, mtu wa magazeti, na Aldo Leopold, mtaalamu wa misitu na wanyama ambaye vitabu vyake vinasomwa hata leo. Kamati ilipendekeza zitolewe dola milioni 50 za kununua ardhi isiyofaa kwa kilimo na kuirudishia maji.

Kisha Rais akamwomba Darling awe mkuu wa idara ya serikali iliyohusika na wanyama na ndege wa porini. Fikirini jambo hili. Mtu amekuwa akikucheka kila siku gazetini, nawe unamwita unamkabidhi ufunguo: haya, njoo ufanye wewe. Na yule aliyezoea kucheka akiwa ameketi kwenye meza yake ya kuchorea, akikubali, itambidi afanye kazi chini ya mtu aliyemdhihaki, kwa mshahara ulio sehemu ndogo tu ya mapato yake, na kesho wachora katuni wengine watamcheka yeye. Akikataa, itajulikana kwamba maneno yake yalikuwa maneno tu. Darling alikubali. Machi 1934 akaweka kalamu chini, akaingia ofisini.

Alikuta idara imelala na fedha hakuna. Rais alikuwa amemwahidi dola milioni 1, akampa kikaratasi cha ahadi, lakini kila ofisi aliyokipeleka kikaratasi hicho walimwambia aende ofisi nyingine. Nadhani wengi wetu tuliowahi kufuatilia mafao yetu tunaijua safari hiyo.

Hakukata tamaa. Mwaka 1935, Peter Norbeck, seneta wa Dakota Kusini, alimsaidia kupitisha dola milioni 6 katika Bunge. Husimuliwa kwamba Norbeck, ambaye matamshi yake ya Kinorwe yalikuwa mazito siku zote, alitoa meno yake ya bandia kabla ya kusimama kuomba nyongeza hiyo. Maseneta hawakuelewa hata neno moja, wakaona haya kuuliza, wakapitisha. Rais naye akatia sahihi pamoja na makaratasi mengine, na baadaye akamtania Darling kwa jinsi alivyochomoa fedha nyingi kiasi hicho bila watu kutambua.

Kwa kazi ya kutafuta ardhi, Darling alimchukua kijana mmoja, J. Clark Salyer. Salyer aliogopa kupanda ndege, basi alisafiri kwa motokaa. Kwa muda wa wiki sita aliendesha maili 18,000, akikagua mabwawa na kupanga mipaka ya hifadhi mpya. Aliendelea na kazi ya hifadhi kwa zaidi ya miaka 25.

Darling aliwabana na wawindaji wenzake pia. Msimu wa kuwinda ukafupishwa, bunduki ikaruhusiwa kubeba risasi tatu tu, na ikapigwa marufuku kuwavuta bata kwa nafaka au kwa kuwafunga bata hai kuwa chambo. Marafiki aliowinda nao walimkasirikia. Yeye alijua kwamba wakiendelea vile, watoto wao hawatakuwa na kitu cha kuwinda.

Stempu ya bata

Tarehe 16 Machi 1934, Rais alitia sahihi sheria iliyomtaka kila mwindaji wa bata mwenye umri wa miaka 16 au zaidi anunue stempu ya dola 1 kila mwaka. Fedha zake zilitengwa kwa ajili ya ndege wanaohama na mabwawa yao. Wazo hili lilikuwa limezungumzwa miaka mingi bila kutimia. Sasa sheria ilikuwapo, lakini stempu yenyewe haikuwa na picha.

Maofisa walimwomba mkuu wao, kwa kuwa alikuwa mchoraji, awape mifano michache ya kutazama. Darling alichukua vipande vya kadibodi, vile vinavyotiwa ndani ya shati linapotoka kwa dobi, akachora upesi upesi. Mmoja ulionyesha bata wawili, dume na jike, wakishuka kutua bwawani kati ya majani. Alidhani ni mfano tu, na kwamba atapata nafasi ya kuchora vizuri. Lakini mchoro huohuo wa haraka ukachukuliwa na kuchongwa. Stempu hiyo ya rangi ya buluu ikaanza kuuzwa tarehe 22 Agosti 1934. Mwaka wa kwanza ziliuzwa stempu 635,001.

Ndugu zangu, mtu huyu alichora maelfu ya katuni. Zilimpa jina, fedha na tuzo mbili. Lakini mchoro uliowanunulia ndege mahali pa kukaa ni ule mdogo kuliko yote, usiotosha kufunika kiganja. Kwa nini huu uliweza pale wengine waliposhindwa? Kwa maoni yangu ziko sababu tatu. Kwanza, haukumwomba mtu akubali kwa kichwa tu, ulimwomba atoe dola moja. Pili, uliwaomba haohao waliofaidika na bata. Tatu, fedha zake hazikuachwa zipotee katika mfuko mkubwa wa serikali, zilifungwa kwa sheria kwenye kazi moja inayojulikana.

Stempu hiyo imetolewa kila mwaka tangu 1934. Bei ilipanda hadi dola 25 mwaka 2015. Katika kila dola inayopatikana, senti 98 huenda kwenye kununua au kukodi ardhi ya hifadhi. Kwa jumla imeleta zaidi ya dola bilioni 1, na ardhi iliyohifadhiwa imepita ekari milioni 6. Tangu 1949 picha huchaguliwa kwa mashindano ya wazi. Na tangu 1993 iko stempu nyingine, ambayo picha zake huchorwa na watoto wa shule.

Ukienda kwenye hifadhi hizo utakuta pia kibao chenye picha ya bata bukini wa buluu anayeruka. Kibao hicho kinaonyesha kwamba hapa ni kwa ndege, na hifadhi zenye kibao hicho sasa zimezidi 500. Picha hiyo pia ni kazi ya Darling.

Kurudi kwenye meza

Darling alikaa Washington miezi 20 hivi, akajiuzulu Novemba 1935. Kalamu ilimwita, na makaratasi ya ofisi yalimchosha. Lakini hakuiacha kazi ya ndege. Alikuwa ameona kwamba wapenzi wa wanyama wako wengi sana, ila kila kundi lilipiga kelele peke yake na serikali haikusikia hata moja. Kwa kumhimiza Rais, mwaka 1936 uliitishwa mkutano mkubwa wa makundi hayo huko Washington. Hapo likazaliwa shirikisho ambalo sasa linaitwa National Wildlife Federation, na Darling akawa rais wake wa kwanza.

Aliendelea kuchora mpaka 1949. Katuni zake hazikuokoa bata peke yao. Katika visiwa vya kusini kabisa mwa Florida wako kulungu wadogo, kimo chao kama mbuzi. Watu waliwachoma moto vichakani na kuwakimbiza kwa mbwa mpaka majini. Mwaka 1934 Darling alichora katuni ya ukatili huo, na watu wengi wakasikia habari za wanyama hao kwa mara ya kwanza. Kuwawinda kukapigwa marufuku mwaka 1939, na mwaka 1957 wakatengewa hifadhi yao. Ilifika wakati hawakuzidi 50. Leo wanahesabiwa kwa mamia. Kadhalika, katika kisiwa cha Sanibel, Florida, karibu na mahali alipokuwa akienda kupumzika wakati wa baridi, alipigania ardhi yenye mikoko isiuzwe kwa wajenzi. Hifadhi ikaanzishwa mwaka 1945, na mwaka 1967 ikapewa jina lake.

Nisiwadanganye kwamba alikufa ameridhika. Katika uzee wake alilalamika kwamba idara moja ya serikali ilinunua mabwawa, na nyingine ikawalipa wakulima wayakaushe. Aliona taifa linajaza maji kwenye pipa lililotoboka. Lakini aliendelea kujaza.

Alifariki mjini Des Moines tarehe 12 Februari 1962, akiwa na umri wa miaka 85. Asubuhi iliyofuata wasomaji wa gazeti lake walikuta katuni mpya ya Ding katika ukurasa wa kwanza. Alikuwa ameichora zamani, akamwachia katibu wake aitunze mpaka siku hiyo. Inaonyesha chumba chake cha kazi, kiti kitupu, makaratasi yametapakaa, na kivuli cha mtu anayetoka mlangoni kwa haraka huku akipunga kofia. Kama alivyomuaga Roosevelt, ndivyo alivyojiaga mwenyewe.

Sisi na kijito chetu

Sasa nimalize deni langu.

Niliahidi kueleza ile adhabu nyingine. Niliporudi shuleni mwaka 1981, nilipangiwa kukata kuni za jikoni kwa mwezi mmoja. Kuni nilizikata nyuma ya mabweni, pale kwenye chemchemi ya kile kijito ambacho sote twakikumbuka. Pale ndipo tulipofua mashati, tulipooga maji ya bomba yalipokatika, tulipokaa Jumapili kusoma barua za nyumbani. Nilikata miti mikubwa, nikaona fahari kwa nguvu za mikono yangu. Si mimi peke yangu, kila aliyekuwa na kosa alipelekwa palepale. Mwaka uliofuata, siku ya kupanda miti, tulipanda mikaratusi mahali pake, tukapiga makofi. Hakuna aliyetuambia jinsi mikaratusi inavyokunywa maji.

Nilipita shuleni mwaka jana baada ya kustaafu. Kijito hakipo. Liko korongo kavu, na vijana wanabeba ndoo kutoka mbali. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Nilikumbuka shamba la mjomba wa Darling, na nikakumbuka kwamba shoka lilikuwa mkononi mwangu.

Basi napeleka ombi mbele ya mkutano wetu. Wadogo zetu wachore. Wachore ndege, wanyama na miti ya mahali petu, na kila mwaka picha 12 zilizo bora zifanywe kalenda. Kila mmoja wetu tuliokunywa maji ya kijito kile anunue kalenda moja, asipewe bure hata mwenyekiti. Fedha zake zisichanganywe na za karamu wala za rangi ya majengo. Ziende kwenye kazi moja tu: kuing'oa mikaratusi pale chemchemini, kuzungushia uzio, na kupanda mikuyu na miti mingine ya asili ipendayo kukaa na maji. Hesabu isomwe mbele ya wote kila tunapokutana. Kamati ipange bei. Sijui kama maji yatarudi katika maisha yangu. Naijua hasara ya kutojaribu.

Kalenda ya kwanza nitainunua mimi. Na kama walimu wa leo wataniruhusu, picha ya mwezi Januari naomba niichore mwenyewe. Nitachora kiboko, amesimama mtoni penye maji mengi, na safari hii bila miwani.